Karanga za Ngiri

Mwezi uliopita nilikwenda Mlowo kununua mbegu za karanga. Muuzaji, kijana aliyevaa kofia ya kufunika masikio, akajaza sado, kindoo chake cha kupimia, akaisawazisha kwa kiganja kama fundi anayepiga plasta. Nikamwambia aache mlima juu. Akaacha mlima. Nikamwambia zile zilizomwagika pembeni nazo ni zangu. Akazirudisha. Bei ilipokubalika, baada ya mimi kuondoka mara mbili na kurudi mara mbili, nikafungua mfuko na kusema, "Sasa weka mbasela." Mbasela ni nyongeza. Sisi wa Tunduma neno hilo tuliliazima ng'ambo ya mpaka na hatujalirudisha.

Akaweka konzi moja. Mimi nikabaki nimefungua mfuko.

"Mama, si nimeshakuwekea?"

"Umeniwekea yangu. Bado ya ngiri."

"Ngiri gani tena?"

"Weka tu, mwanangu. Yeye hawezi kuja mwenyewe."

Akacheka mpaka muuza maharage wa jirani akauliza kulikoni. Mwishowe aliweka, kwa sababu nyuma yangu watu walikuwa wamejaa na mimi sikuwa na haraka. Kutokuwa na haraka ni nusu ya bei, mtu asikudanganye. Nilipofika nyumbani nikaingiza pua kwenye mfuko kuhakikisha hazijapata ukungu. Ile harufu ya karanga ya mbegu, vumbi la udongo mwekundu na kitu kama mafuta yaliyolala, ikanishika nikiwa nimeinama vilevile, na sikuinuka upesi.

Nililelewa na babu na bibi, nusu siku kwa miguu kutoka Tunduma, kwenye mteremko wa kuelekea Momba. Baba na mama walikuwa ng'ambo kwenye migodi ya shaba, wakitukumbuka kwa barua na mablanketi. Nyumbani tulikuwa wanne: Babu, ambaye ndiye aliyeamua mambo yote, Bibi, ambaye ndiye aliyemwambia Babu ameamua nini, Shangazi Neli, kitinda mimba wao, na mimi. Nilikuwa na miaka minane. Weka tisa, hakuna aliyeandika.

Nilikuwa nimekwisha anza shule ya misheni, chini ya paa la nyasi, na nilikuwa naipenda hesabu kama wengine wanavyopenda asali. Shida ni kwamba mwalimu wetu alitufundisha kuhesabu hadi mia moja, akafunga kitabu. Alisema mia inamtosha mtu yeyote mwenye kuku. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa inaishia mia. Nilihesabu mihimili ya nyumba, meno ya Babu, hatua za kwenda mtoni, kila kitu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mtu hujidanganya, na kila nilipofika mia nilianza upya kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Mwaka ule akaja Yotamu.

Yotamu alitoka ng'ambo, ukoo wa watu tunaofahamiana nao, kwa maana mpaka uliwekwa na Wazungu na undugu ulikuwepo kabla yao. Alikuwa amefanya kazi migodini na alikuja amevaa viatu vilivyolia njiani, tukamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anamtaka Shangazi Neli. Shangazi Neli, ukimuuliza, alikuwa hana habari naye kabisa; alichonituma tu ni kwenda kuangalia kama viatu ni vyeusi au vya kahawia.

Sasa kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hata mchumba ambaye bado hajajibiwa huanza kujizoeza mapema. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Wakiwa na neno la kuambiana, wanamtumia mtoto, hata kama wako hatua kumi na kila mmoja anamsikia mwenzake barabara. Mtoto huyo alikuwa mimi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko jiko. Bibi alikaa upande wa huku amegeuzia mgongo, Yotamu akachuchumaa upande wa kule, nami nikasimama juu.

"Mwambie," alisema Bibi, "fedha zake tumezisikia. Mikono yake hatujaisikia."

"Anasema fedha zako wamezisikia, mikono—"

"Nimesikia," akasema Yotamu.

"Lazima niseme," nikamwambia. "Ndiyo kazi yangu."

"Mukwai," akajibu. Ni neno la heshima la Kibemba, na yeye alilitua mwishoni mwa kila jambo kama mtu anayetua mzigo. "Mwambie mama nitalima popote atakaponionyesha."

"Mwambie kule chini kwenye kijito kuna mahame, aliishi mzee wa zamani. Pamekuwa msitu. Apafyeke, apachome, apande karanga na viazi, apalilie mpaka vikomae."

Nikasema yote. Yotamu akaitikia.

"Na mwambie shamba hilo si letu. Ni la ngiri."

Pale Yotamu akasahau adabu zote, akapaza sauti. "La nani?"

"Anauliza la nani," nikamwambia Bibi.

"La ngiri."

"La ngiri," nikamwambia Yotamu.

Kuku walikuwa wanapekua majani, nikawahesabu: tisa. Nikarudia: tisa. Ndipo upande wa kule wa kichuguu ikasikika, taratibu, "Mukwai."

Kwa wenzangu waliokulia mjini, nieleze. Mwaka uliotangulia ngiri walikuwa wamekula nusu ya shamba letu la juu. Bibi hakuamini katika kuwafukuza. Alisema ngiri alikuwepo kabla ya jembe, na mwenyeji humfukuzi, unamtengea sahani. Kwa desturi ya mama yake, aliyefungua ardhi karibu na njia ya wanyama alipaswa kuwalimia na wao, chini, karibu na maji, mahali wanapofika kwanza; wakishiba pale hawana haja ya kupanda mlima. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua jambo moja tu: hakuna mtu mwenye akili anayemlimia mnyama. Nikahitimisha, kwa akili zangu za miaka minane au tisa, kwamba Bibi hamtaki Yotamu na amempa shamba mdomoni mwa ngiri ili ashindwe.

Yotamu alianza majani yalipokuwa yamekauka. Yale mahame yalikuwa yamejifunga kama nywele zisizochanwa: matete, miiba iliyoshikana mikono, miti michanga iliyoota katikati ya jiko la marehemu. Siku ya kwanza alifyeka kwa viatu. Siku ya tatu vilikuwa vinaning'inia mtini. Siku ya tano viganja vilipasuka, akavifunga kwa magome ya mti, na Shangazi Neli, ambaye hakuwa na habari naye, akanipa mafuta ya kumpelekea na kunionya nisiseme yametoka wapi. Tulikuta jiwe la kusagia limezama ardhini, na chungu kizima ambacho nyoka alikuwa amekifanya nyumba. Yotamu alimwomba nyoka ahame kwa lugha tatu. Ya tatu ilikuwa shoka.

Bibi alinipa kibuyu na maharage: kila siku ya kazi, harage moja ndani. Shangazi Neli alikuwa ananiuliza kila jioni, kana kwamba anaulizia hali ya hewa, "Yamefika mangapi?" Siku moja niliacha kibuyu wazi na kuku akala maharage mawili. Nikaenda kumweleza Bibi kwamba siku mbili za Yotamu ziko tumboni mwa kuku.

"Siku iliyoliwa imepotea," alisema Bibi.

"Basi tumchinje, tuzitoe."

Bibi akamtazama kuku. Yule kuku alikuwa anataga. "Ongeza maharage mawili," akasema, "na ukome kunifanyia biashara, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwa kuwa Babu alikuwa mume wetu sote.

Yotamu alipomaliza kukata alilundika matawi, akayachoma. Moshi ulikaa bondeni siku mbili. Kisha mvua ya kwanza ikaangukia majivu, na sijui kama yupo kati yenu anayeikumbuka harufu hiyo. Ni kama mtu amezima jiko la dunia nzima kwa maji baridi. Tulipanda miguu ikiwa ya kijivu mpaka magotini. Yeye alichimba, mimi nikadondosha mbegu, mbili kila shimo, nikihesabu mashimo kwa sauti. Nilipofika mia nikasema, "Moja."

"Mia na moja," akasema Yotamu bila kuinua kichwa.

Nikasimama. "Nini?"

"Baada ya mia. Mia na moja."

Nilidhani ananitania. "Na baada yake?"

"Mia na mbili."

"Na inakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka uchoke wewe. Yenyewe haichoki."

Niliketi kwenye tuta. Miezi yote ile mwalimu alikuwa ananificha kitu kikubwa namna hii! Tulipomaliza shamba tulikuwa kwenye elfu moja na mashimo ishirini na sita, na mimi nilikuwa nimekwisha amua: awe mrefu, awe mfupi, awe na viatu au hana, huyu mtu anayejua kinachokuja baada ya mia hawezi kuachwa arudi ng'ambo. Shangazi Neli atake asitake.

Mvua zikaenda zikirudi. Karanga zikachanua maua yao ya njano, zikaanza kuzamisha vidole vyao ardhini. Yotamu alipalilia mara mbili. Na ngiri wakaanza kuja, asubuhi, jua likiwa limekwisha panda, kwa maana ngiri si mwizi wa usiku, anakuja mchana kama mgeni mwenye barua. Walikuwa dume mmoja mwenye uso kama kiazi kilichochipua, jike, na watoto wanne. Kitu kilichonishangaza ni kwamba ngiri hali akiwa amesimama. Anapiga magoti ya mbele, anainamisha kichwa, ndipo anafukua. Mimi, mtoto wa shule ya Jumapili, niliamini wanaomba kabla ya kula, na niliwaheshimu kuliko watoto wa jirani yetu.

Lakini heshima ina mwisho. Siku moja nilikuwa napeta ulezi nyuma ya jiko, nikamsikia Bibi akimwambia Babu alichoamua.

"Umesema vyema, baba Neli. Tungoje tuone ngiri watafanya nini kwenye shamba lake, ndipo tumjibu kijana."

"Ndivyo nilivyosema?" akauliza Babu.

"Ndivyo."

"Basi ni vizuri."

Ungo ulinitoka mikononi. Nilikuwa na hakika: ngiri wakila, Yotamu amekwisha. Na yeye mwenyewe alikuwa amerudi kwao ng'ambo kumwona mama yake, akingoja aitwe. Hapakuwa na mtu wa kulilinda shamba isipokuwa mtu mmoja ambaye kila asubuhi alitumwa maji kijitoni.

Siku iliyofuata nilikwenda na kopo tupu, kijiti, na gauni langu la zamani la maua ambalo lilikuwa limeanza kunibana. Nililichana vipande na kuvifunga kwenye fito kuzunguka shamba. Ngiri walipopiga magoti nikaruka kutoka kwenye matete nikipiga kopo na kuimba wimbo wa Krismasi, huo ndio niliokuwa naujua kwa sauti kubwa. Wakanyanyua mikia wima kama bendera za boma, wakakimbia kwa mstari, baba, mama, mmoja, wawili, watatu, wanne, wakapandisha mlima na kupotea nyuma ya kichuguu. Nilifanya hivyo asubuhi saba. Kila mara walikimbilia upande uleule, juu. Sikujiuliza wanakwenda wapi. Anayefagia takataka nje ya mlango wake haulizi upepo umezipeleka kwa nani.

Asubuhi ya nane Bibi alikwenda shamba la juu, akarudi ameweka mikono kichwani.

Walikuwa wamefukua matuta ya karanga kuanzia ukingoni hadi katikati. Katikati ya matuta mlikuwa na alama za magoti. Bibi aliteremka moja kwa moja kijitoni, Babu nyuma yake na fimbo, mimi nyuma ya Babu. Shamba la ngiri lilikuwa safi kama kitanda cha hospitali. Bibi akang'oa shina moja, akatikisa udongo: karanga nene, zimejaa, zinaning'inia kama watoto kwenye mti wa mapera. Akang'oa la pili kuhakikisha. Mambo ya kurudia nimerithi kwake. Kisha akaona fito. Akaona vitambaa. Akaona majani yaliyokanyagwa pale mtu alipokuwa anajificha, akahitimisha kwamba kijana amekuwa akirudi kwa siri.

"Itisha kijana," alimwambia Babu, kwa sauti ya chini. "Umeamua kumrudisha kwao."

Yotamu akaja siku ya pili, mavumbi mpaka kwenye nyusi, viatu mkononi. Tukakaa vilevile: Bibi huku, yeye kule, mimi juu ya kichuguu. Babu alikaa kwenye kisiki kando. Jikoni Shangazi Neli alikuwa anasaga ulezi kwa kelele nyingi na bila unga.

"Mwambie," akasema Bibi, "tulimpa shamba la ngiri. Si la kupima jembe. Jembe hata mfungwa analijua. Tulitaka kuona kama anaweza kutoa jasho na kumwachia mwingine ale, bila kununa. Maana sisi tutakwenda kwake. Tutakwenda mimi, na babu yako, na wewe na meno yako, na tutakula. Mtu anayemfukuza ngiri kwenye shamba la ngiri mwenyewe, mama mkwe atamfukuza mlangoni. Mwambie."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ilinishukia pole pole, kama maji baridi yanayoingia shingoni. Ngiri walitakiwa wale. Laiti wangekula, Yotamu angekuwa mkwe wetu tangu wiki ile. Nilichokuwa nimekifukuza asubuhi saba kwa wimbo wa Krismasi kilikuwa harusi ya Shangazi yangu.

Nilisema maneno yote ya Bibi. Yotamu alikuwa anatazama chini, na mkononi alikuwa na kitu anachokizungusha. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha maua. Alikuwa amepitia shambani. Akakitazama, akainua macho akanitazama mimi, na gauni hilo alikuwa ameniona nalo tangu siku ya kwanza. Akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mwambie mama," akasema, "ni mimi niliyewafukuza. Naomba radhi."

Sasa nataka mnielewe nilipokuwa. Kazi yangu ilikuwa kusema nilichoambiwa, neno kwa neno. Sikuwahi kupunguza wala kuongeza, nilijivunia hilo. Na huo ujumbe ulikuwa unanifaa. Ningeutua tu upande wa pili na kushuka kichuguu nikiwa sina alama ya fimbo. Bibi alikuwa amekwisha usikia kwa masikio yake. Hata hivyo alingoja, kwa sababu ya adabu, mgongo umenyooka, akinitegea sikio mimi.

Nikasema, "Anasema si yeye."

Kelele za kusaga jikoni zikakoma.

"Hakusema hivyo," alisema Babu kutoka kwenye kisiki.

"Bibi," nikasema, "mtu akikuambia aliyewafukuza, utamchapa fimbo ngapi?"

Mgongo wa Bibi haukugeuka. "Tano."

"Mbili."

"Kwa kosa la karanga za mwaka mzima? Nne."

"Mbili, na anaanza kusema sasa hivi."

"Tatu, la sivyo niulize nguo yako ya maua iko wapi."

"Tatu," nikasema. "Ni asubuhi saba. Nimehesabu mara mbili. Kopo liko chini ya matete." Kisha nikalia, kwa kuwa biashara ilikuwa imekwisha na sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikaeleza yote nikiwa kule juu: ungo, vitambaa, elfu moja na ishirini na sita, na kwamba kama Yotamu akienda mimi nitarudi kwenye mia.

Babu alikohoa. Sijui kama alikuwa amewahi kusema jambo ambalo Bibi hakuwa amemwambia kwanza. Siku hiyo alisema. "Mimi nimemwona mtu anayebeba kosa la mtoto wetu kabla hajapewa mke. Huyo unamtafutia ngiri wa nini tena?"

Bibi akafikiri. "Desturi ni desturi," akasema. "Ngiri watakula au hawatakula. Lakini tutangoja hadi Jumapili, kwa kuwa mzee amesema."

Jumapili ilikuwa mbali siku tano. Vitambaa vikaondolewa, nami nikakatazwa kupita kijitoni. Asubuhi ya kwanza ngiri wakaenda shamba la juu. Ya pili wakaenda shamba la juu. Ya tatu vilevile. Kwa nini wateremke, walikuwa wamefundishwa na mimi mwenyewe kwamba chini kuna kichaa mwenye kopo. Shangazi Neli aliacha kuuliza habari za maharage. Alipika mboga bila chumvi siku mbili na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mchana wa siku ya tatu nilikwenda kuchukua kibuyu changu cha karanga. Zilikuwa zangu halali, ujira wa kubangua msimu uliopita, na nilikuwa nimezitunza kwa mwezi wa njaa. Nikaanzia pale kwenye matuta yaliyofukuliwa, nikaweka karanga moja chini. Hatua mbili, nyingine. Hatua mbili, nyingine, nikiteremka. Bibi akanikuta karibu na kichuguu nimeinama.

"Unafanya nini, mke mwenzangu?"

"Natuma ujumbe."

"Kwa nani?"

"Kwa ngiri. Wewe na Yotamu mna mtoto wa kumtuma. Wao hawana."

Alisimama pale. Akatazama mstari wangu kwenda juu, akatazama kibuyu kilivyobaki, akatazama mteremko uliobaki mpaka kijitoni. Kisha akafungua fundo la nguo yake kiunoni, akatoa konzi nzima ya karanga za mbegu, akaimimina kibuyuni mwangu.

"Hiyo ya ngiri," alisema. "Zisije zikakuishia njiani."

Nilipita mia hapo hapo kwenye kichuguu, na baada ya mia kulikuwa na kitu cha kusema. Nilifika shambani kwa mia tatu na kumi na nne. Nikapanda tena mlima nikihakiki, nikapata mia tatu na kumi na mbili. Hizo mbili nilikuwa nimezila. Nakiri leo.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri, tulikaa nyuma ya matete: Babu, Bibi, mimi, Shangazi Neli ambaye alisema amekuja kuokota kuni. Yotamu alikaa ng'ambo ya kijito, amegeuka, kwa ajili ya Bibi. Wakaja. Dume mbele, pua chini, anaokota moja moja kama mzee anayesoma barua. Alipofika ukingoni akasimama. Akanusa fito, pale kitambaa kilipokuwa. Akatazama kwenye matete, hasa niliko mimi, na naapa kwamba alinitambua. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili nisije nikaimba.

Akapiga magoti.

Kisha jike. Kisha watoto, mmoja, wawili, watatu, wanne.

"Wamekaa mezani," alinong'ona Bibi. Shangazi Neli alitaka kupiga vigelegele, akaviwahi kwa kuuficha uso kwapani mwangu, vikatoka kama chafya. Ng'ambo ya kijito, mtu aliyegeuzia mgongo harusi yake aliuliza bila kugeuka, "Muulizeni mama, vipi?"

Bibi akanigusa bega. "Mwambie," alisema, "tutakwenda kwake kula."

Jioni ile alikumbuka. Nilikuwa nimetumaini furaha itamsahaulisha, lakini furaha haikuwa inamfanyia Bibi hivyo. Alichukua kifimbo, akasema lete mkono. Akanichapa kimoja cha kiganjani, cha kati na kati.

"Moja," nikasema. Kisha, kwa mazoea, nikahakiki. "Moja."

"Mbili hizo," akasema Bibi.

"Bibi, ni moja, nimeihesabu mara mbili tu."

"Mimi nimesikia mbili. Usinipunje. Imebaki moja, nitakuwekea."

Akakichomeka kifimbo kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, na hakukishusha tena. Kila nilipokosa alikuwa anakitazama tu kule juu, nami nanyooka. Alikufa nikiwa mama wa watoto watatu. Yotamu na Shangazi Neli walikuja msibani na jamaa yao yote, wakatulisha wiki nzima, na ile moja ilikuwa bado.

Siku hizi nina kiwanja nyuma ya nyumba, hapa Tunduma, malori yamepanga foleni ya mpakani hadi karibu na choo changu. Ngiri hawapo. Matuta ya mwisho, yale ya ukingoni karibu na njia, nayapanda kwa ile konzi yao vilevile, na siyazungushii vitambaa wala miiba. Wanaokula ni watoto wa shule. Msimu uliopita nilikuwa dirishani, wakaja watatu wenye sare, wakatazama huku na huku, na mmoja, mdogo wao, akapiga magoti kwenye udongo akaanza kufukua. Kopo lilikuwa karibu na mkono wangu. Nikaliacha.

Walipoondoka nilitoka kuhesabu mashina waliyong'oa. Yalikuwa saba. Nikarudi ndani.